Kiungo cha Kisu

Siku ya mnada, mji wowote wa Simiyu, muuza vyuma hutandika turubai lake kati ya wauza kamba na wauza mitumba, hatua chache kutoka waliposimama ng'ombe. Juu ya turubai kuna nyundo, kufuli, tochi, misumari, visu vya jikoni vyenye mipini ya plastiki, na pembeni, ndani ya boksi lisilo na mfuniko, visu vya kukunja. Hapo ndipo vijana husimama. Msimu wa pamba ukishafunguliwa na mizani ikaanza kazi, utamwona kijana ameokota kimoja, amekifungua, amepitisha dole gumba kwenye makali, amekigeuza juani aone kinavyong'aa, amelipa, ameondoka. Shughuli nzima haizidi dakika mbili. Mvua za kupandia zikifika, ubapa umeshaanza kucheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na mwenyewe anakwambia vitu vya siku hizi vyote feki.

Vingi ni feki kweli, sibishi. Ila kijana huyo alikagua kitu ambacho hakikuwa na haja ya kukaguliwa. Makali ni kazi ya mwenye kisu. Yakipotea leo, kinoo kitayarudisha jioni. Mng'ao ndiyo kabisa, mng'ao ni polishi tu. Kitu ambacho mnunuzi hawezi kukirudishia nyumbani ni kiungo, ile pini moja inayobeba ubapa wote, unaozunguka juu yake kila unapofungua na kufunga. Kisu kizuri cha kukunja hujulikana hapo, na fundi wa kukitengeneza hupimwa hapo. Kiungo hicho ndicho ninachotaka kukisifu, ingawa haki inanidai nianze na mafundi wa kwetu, ambao walifua visu vizuri vizazi na vizazi bila kuwa na shida ya kiungo chochote.

Usukumani mhunzi ni mkongwe kuliko duka. Balongo, wahunzi wa upande wa Geita na Biharamulo, waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe ya nchi yao kwa tanuri za udongo na mkaa, na majembe yao yalibebwa mabegani hadi Unyamwezi. Jembe lilikuwa zana na lilikuwa mali pia. Lilihesabiwa kwenye mahari. Ukifika makumbusho ya Bujora pale Kisesa, utaikuta nyumba ya mhunzi imepewa nafasi yake karibu na ngoma na vitu vya watemi, na kwa maoni yangu hakupendelewa. Kilichozima tanuri zile ni chuma cha kununua. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuja kwa meli, kisha kwa treni. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, Malampaka kule Maswa ikawa na stesheni, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeendelea kuchoma mkaa siku nzima ili apate chuma cha jembe moja. Tanuri zikazimika. Nyundo haikuzimika, kwa sababu chuma chakavu nacho kinahitaji mtu wa kukielewa.

Na chuma chakavu kinachopendwa na mhunzi wa leo ni springi ya lori. Ana akili ya kuipenda. Springi hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukipa kisu ugumu bila kukifanya kivunjike ovyo. Barabara zetu zinamlisha: kila lori la marobota linalokatika springi ni ghala la visu.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima na mzee mmoja wa kazi hiyo, chini ya mwembe, nje kidogo ya Bariadi. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini. Mjukuu wake alizungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda hadi kwenye feni ndogo, na feni ikapuliza mkaa. Kipande cha springi, urefu wa shubiri, kililala motoni hadi kikawa chekundu, kikapita wekundu, kikakaribia rangi ya chungwa. Hapo tu ndipo mzee alipokitoa na kukipiga. Alipiga mara chache, akakirudisha. Wekundu ulipofifia hakupiga hata mara moja, ingawa mkono ulikuwa umeshainuliwa. Upande wa makali aliukonda, mgongo akauacha mnene, na kuelekea ncha akapunguza unene kidogo kidogo mpaka kisu kikawa na uzito pale kiganja kinapoutaka.

Kisha ikaja sehemu ambayo wengi hawaijui, na kwangu ndiyo utamu wa kazi yote. Mzee alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Alikipasha kisu moto, akakigusisha sumaku, ikashika. Akarudisha. Akagusisha tena, safari hii sumaku ikateleza kama vile imeguswa kwenye jiwe. Chuma huacha kushikwa na sumaku kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Mzee hana kipimajoto na wala hakihitaji. Alikipeleka mbele hatua moja zaidi ya hapo, akakichovya kwenye oili chafu ya injini.

"Shikamoo tena, mzee. Kwa nini usitie majini?" nilimuuliza.

"Marahaba. Majini kitalia," alisema bila kuniangalia. "Kikilia, kimepasuka."

Kisu kilichotoka kwenye oili kilikuwa kigumu mno, kigumu kiasi cha kuvunjika kikianguka kwenye jiwe. Kwa hiyo alikisugua upande mmoja mpaka ukawa mweupe, akaulaza mgongo wake juu ya chuma cha moto, akatazama rangi zikitembea: kwanza njano hafifu ya majani makavu, ikifuatwa na kahawia, nyuma yake zambarau, mwisho bluu. Njano ilipofika kwenye makali, akakitosa majini kuikomesha. Angechelewa mpaka bluu ifike hapo, angekuwa ameirudisha springi kazini: chuma kinachopinda na kurudi, lakini kisichoshika makali. Tofauti ya kisu na springi ya lori, kwa chuma kile kile, ni rangi hizo na dakika hizo.

Kisu cha namna hii jikoni hakina mpinzani. Hukata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba vya michembe, na vilivyochemshwa vya matobolwa, mlo ambao bila ubapa mwembamba hugeuka rojo, huchuna mbuzi, hukata ngozi ya kufungia nira. Tatizo lake ni moja. Hakikai mfukoni. Kiunoni, kwenye ala, mchungaji anaweza kutembea nacho porini na asiulizwe. Akiingia nacho kwenye basi la Lamadi, benki, kwenye ofisi ya chama cha ushirika siku ya malipo, au kwenye harusi, kila mtu atakitazama kiuno chake kabla ya uso wake. Na sheria nayo ina neno: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu mkosaji mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa mtu wa mjini, au wa kijijini anayekwenda mjini, kisu cha kila siku lazima kijifiche chenyewe ndani ya mpini wake.

Wazo hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Hallstatt, Austria, ulichimbuliwa ubapa wenye kiungo na mpini wa mfupa wa miaka kama 2,500 iliyopita. Warumi walikuwa na visu vya kukunja. Waandishi wa pwani yetu, waliochonga kalamu za matete kwa ajili ya hati za Kiarabu, walihitaji kijisu chenye makali karibu na wino wakati wote, sawa na makarani wa Ulaya walivyohitaji chao cha kuchonga manyoya. Kisu kidogo cha mfukoni kiliishi muda mrefu karibu na karatasi, jambo ambalo wanaokiogopa hulisahau.

Ila kukitengeneza ni kazi ya ukaidi. Fikiria kinachotakiwa. Ubapa uzunguke kwa urahisi, lakini usilegee. Ukifunguka uwe imara kama vile haukukatwa kamwe kutoka kwenye mpini. Ukifungwa, makali yakae katikati ya ufa wa mpini bila kugusa ukuta wa kushoto wala wa kulia, maana yakigusa yatajinoa yenyewe kwa ubaya kila siku. Ncha izame kabisa, isichungulie na kuchoma paja. Haya yote yanategemea tundu moja na pini moja. Tundu likiwa pana kuliko pini kwa unene wa unywele, kwenye ncha kosa hilo limeshakuwa milimita nzima. Pini ikigongwa kupita kiasi, ubapa hauendi. Ikigongwa pungufu, unayumba. Fundi hupiga ribiti mara moja, anafungua na kufunga, anasikiliza, anapiga nyingine ndogo, anasikiliza tena. Mhunzi wangu wa chini ya mwembe anaongozwa na macho, yaani rangi. Huyu wa pili anaongozwa na vidole na sikio.

Miji iliyojijengea jina kwa kazi hii inahesabika. Sheffield, Uingereza. Thiers, Ufaransa. Solingen, Ujerumani, ambao jina lake lililindwa kwa sheria mwaka 1938: huwezi kuliandika kwenye ubapa kama kazi zake za msingi hazikufanyika katika eneo hilo. Siku hizi Yangjiang, kusini mwa China, ndio mji unaotoa visu kwa wingi usiomithilika, vizuri sana na vibaya sana, kutegemea aliyeagiza alikuwa tayari kulipa nini. Hapo ndipo penye ukweli usiosemwa sana mnadani. Mchina anayelaumiwa kwa kisu kibovu ametengeneza kile alichoagizwa na mfanyabiashara aliyetaka kitu cha kuuzwa kwa bei ya soda chache.

Kisu cha kukunja chenye historia yetu ndani yake ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, mahususi kwa kuuzwa kwenye makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na wakati huo sisi tulikuwa mojawapo. Jina walilitoa kwa mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemfahamu mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Ni kisu cha mpini wa mbao wenye urembo wa mwezi na nyota, ubapa wa chuma cha kaboni, na mgongoni springi ndefu yenye pete: ubapa ukifunguka, meno yake hupita kwenye springi na kutoa mlio wa krrr, kisha hujifunga, ukivuta pete, unaachia. Mlio huo umekipa sifa mbaya Afrika Kusini na Jamaika, ambako wahuni walipenda usikike. Kisu chenyewe hakina hatia. Ni chuma chepesi kunolewa, kinachoeleweka, kwa mtu asiye na hela nyingi. Kasoro yake ni kiungo kisichobana sana kama vya wenzake wa bei kubwa, na nakala zake zilizojaa sokoni zimelegea tangu kiwandani.

Kinyume chake kwa namna ya kufikiri ni Opinel, kazi ya Joseph Opinel wa milima ya Savoie, Ufaransa, aliyeanza mwaka 1890. Alichofanya ni kuondoa. Hakuna springi, hakuna bamba za chuma ndani. Ni mpini wa mbao uliochanwa ufa, ubapa, pini, na mkanda wa chuma shingoni. Mwaka 1897 akavipanga kwa namba, 1 hadi 12; Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, ndiyo iliyoenea zaidi. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete inayozungushwa shingoni kuufunga ubapa. Basi. Ni kisu ambacho mkulima anakielewa chote kwa kukitazama mara moja. Mbao zake zikilowa huvimba na kuubana ubapa, na wenyeji wa Savoie hugonga tako la mpini kwenye kitu kigumu ili ubapa uchomoze. Ukikinunua ukakitumia masika, utaufanya mchezo huo bila kufundishwa.

Halafu kuna chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile cha maofisa. Watu hukisifu kwa vifaa vyake, mkasi na kifungua kopo na bisibisi. Mimi nakisifu kwa jinsi springi moja ya mgongoni inavyoshika bapa mbili, moja kila ncha, na zote zikafunguka kwa nguvu ile ile. Kifungue taratibu ukiwa umekiweka karibu na sikio. Kila kifaa kina tik yake mwishoni, na kipya kabisa na cha miaka ishirini vinatofautiana kidogo mno. Chuma chake ni laini kiasi, makusudi, ili hata asiye fundi aweze kukinoa.

Kile ambacho sikipendi, na nakiri ni chuki yangu binafsi, ni kisu cheusi chenye meno nusu, chenye klipu ya kuning'inia mfukoni na picha ya joka, kinachofunguka kwa kishindo ukikibonyeza. Kinatengenezwa kwa ajili ya filamu. Hakimenyi embe vizuri kwa sababu ubapa ni mnene kama patasi, hakinoleki kwa sababu ya meno, na kikionekana kwenye stendi kitamletea mwenyewe mazungumzo marefu na askari.

Turudi kwenye turubai. Muuzaji ni mtu mwema, mpe salamu yake, mwulize za nyumbani, usikimbilie bei. Chukua kisu ukifungue polepole mpaka mwisho. Kiungo kizuri kinasonga kwa uzito mmoja toka mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa kukwaruza wala pa kuteleza ghafla. Kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa vidole viwili vya mwingine, sukuma kushoto na kulia. Mchezo wa pembeni kidogo sana unavumilika kwenye kisu cha bei ndogo. Mchezo wa juu na chini, kwenye kisu chenye kifungio, hauvumiliki, kwa sababu ndio utakaokifungia juu ya vidole vyako. Kama kina kifungio, kandamiza mgongo wa ubapa kwenye ubao wa meza, makali yakiwa mbali na vidole. Kikiachia hapo, kirudishe kwenye boksi na uondoke ukitabasamu. Sasa kikunje, ukitazame kwa juu ukielekeza mwanga ndani ya ufa: ubapa uko katikati? Tazama ribiti: imekaa sawa na mpini, au imegongwa upande ikaacha kidevu? Pitisha kidole kwenye mgongo uliokunjwa, ncha isikuchome.

"Babu, mbona unakikagua kama unanunua ng'ombe?" muuzaji mmoja aliwahi kumwambia mzee aliyekuwa mbele yangu.

"Ng'ombe ana miguu minne, mwanangu," mzee akamjibu. "Hiki kina mmoja."

Kuhusu chuma, mabishano hayaishi, nami nina upande wangu. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinashika makali makali kweli, lakini kinashika kutu na kinabadilika rangi. Stenlesi, yaani chuma kilichochanganywa kromiamu ya kutosha, kama asilimia 12 au 13 kwenye visu vingi, kinavumilia uzembe. Simiyu ni nchi kavu kuliko pwani; kutu ya hewani hapa si adui mkubwa. Adui ni tunavyovikata. Embe lina asidi, na dakika chache za maji ya embe huacha madoa ya kijivu kwenye ubapa wa kaboni. Ukwaju vile vile. Minyaa, ua wa boma zetu, hutoa utomvu mweupe unaonata, unaoingia kwenye kiungo na kukauka humo kama gundi; na ole wako ukajifuta jicho kwa mkono huo. Atakayetumia kisu kwenye ua wa minyaa na akakikunja bila kukifuta, asimlaumu fundi wa Solingen. Hata hivyo, kwa kisu cha kwanza, namshauri mtu achukue cha kaboni. Madoa yatamfundisha kufuta, na wepesi wa kunoleka utamfundisha kunoa. Stenlesi hafifu hufundisha uvivu, halafu hukataa kunoleka uvivu ukishakomaa.

Kunoa kwenyewe tumekuwa tukikufanya ovyo. Kijana anasugua kisu kwenye jiwe la ngazi, au ukingo wa saruji, kwa hasira, pembe inapanda na kushuka. Kisu kidogo kinataka kinoo tambarare, matone ya maji, na pembe moja isiyobadilika, kama nyuzi 20 kila upande: inua mgongo kutoka kwenye jiwe, pembe uishikilie hapo hapo. Sukuma upande mmoja mpaka uuhisi kwa kidole ule ukingo mdogo uliojipinda upande wa pili. Ndipo ugeuze. Malizia kwenye mkanda wa ngozi. Makali yakikata karatasi bila kelele, yametosha.

Na makali haya si anasa kwa mkulima wa pamba. Moja ya aibu za pamba ya Afrika sokoni ni nyuzi za plastiki zinazoingia humo kutoka kwenye viroba na kamba za nailoni. Hazishiki rangi kama pamba, na huonekana kwenye kitambaa kilichokamilika baada ya gharama zote kulipwa. Ndiyo maana mkulima huambiwa asitie pamba kwenye mifuko ya plastiki. Anayelazimika kufungua kiroba karibu na pamba kwa kisu butu huchana, na kuchana humwaga nyuzi. Ubapa mkali hukata kamba mara moja, pande mbili, ukaokota vipande ukatupa.

Urefu usikusumbue. Ubapa wa sentimita saba au nane hufanya karibu kila kazi ya mfukoni: kukata mpira wa kufungia mzigo kwenye pikipiki, kutoa mwiba wa mgunga kwenye soli, kugawa nyama ya mbuzi pale baa, kuchuna ganda la muwa. Mwenye ndugu Uingereza ajue kwamba huko sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila sababu ya kueleza endapo tu makali hayazidi inchi tatu na ubapa haujifungi. Opinel yenye pete iliyozungushwa inaweza kumtia matatani. Na ukipanda ndege Mwanza, kisu kiende kwenye begi la chini, la sivyo kitabaki mezani kwa wakaguzi.

Nikitazama haya yote, linaniudhi jambo moja: kisu rahisi cha kukunja tungeweza kukitengeneza wenyewe. Huko Miki, Japani, miaka ya 1890 wahunzi walianza kutengeneza kisu kinachoitwa higonokami: ubapa mmoja wenye mkia mdogo wa kusukumia kwa dole gumba, mpini wa bati la shaba lililokunjwa mara moja, na pini. Hakina springi wala kifungio; ubapa hushikwa na mbano wa pini na dole gumba la mwenyewe. Kwa miongo kadhaa karibu kila mtoto wa shule wa Japani alikuwa nacho cha kuchongea penseli. Mwaka 1960 kiongozi wa Chama cha Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, aliuawa kwa upanga mfupi jukwaani, kampeni ya kuwaondolea watoto visu ikashika kasi, na karakana zikafungwa moja baada ya nyingine.

Sasa tazama Bariadi. Springi tunazo. Shaba ipo kwa wauza vyuma chakavu, na pembe za ng'ombe zinatupwa machinjioni. Mtu anayejua rangi ya njano na sumaku ya spika yuko chini ya mwembe. Maswa wametengeneza chaki, Meatu wamefungasha maziwa, kwa kaulimbiu ile ya wilaya moja, bidhaa moja. SIDO, shirika la viwanda vidogo, limekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa karakana hasa. Na watoto wa shule zetu bado wanachonga penseli kwa wembe mtupu ulioshikwa kwa kucha, kifaa cha hatari kuliko kisu chochote nilichokitaja hapa. Kiungo cha kisu kama kile cha Japani si cha kiwanda. Ni tundu, pini, na sikio. Anayeweza kuzuia nyundo hewani kwa sababu wekundu umefifia anaweza kujifunza kusikiliza ribiti.

Nimeshamwambia mzee nataka kimoja. Ubapa wa springi, sentimita saba, unene wa milimita mbili mgongoni; mpini wa pembe badala ya bati, mbavu mbili, na kipande cha shaba katikati cha kuuzuia ubapa usigonge; washa mbili nyembamba za shaba pande zote za tundu, ambazo nitazinunua mwenyewe; pini ya shaba pia, isiyogongwa mpaka niwepo. Alicheka, akauliza kama nitalipa kabla. Nimelipa nusu. Nyingine nitampa siku nitakayosukuma ubapa kushoto na kulia mbele yake usitikisike, na ameniambia kuwa wa kwanza utatikisika, hivyo nisije na haraka.